Anapumua Huyo

Luhaga alijulikana Kirumba nzima kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya: kukamata maiti wanaopumua.

Mchana aliuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakatwa kwenda Ulaya. Aliikaanga kando ya njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, kwenye karai jeusi, moshi ukimpiga machoni tangu asubuhi. Jumamosi jioni alinawa mikono, akavaa shati lake jeupe la mtumba, akaingia banda la video la Antoni huku bado ananuka mafuta. Alikaa benchi la tatu, upande wa ukutani. Hapo palikuwa pake. Hata ukikuta pako wazi na banda limejaa, unasimama.

Zilikuwa enzi za ruksa. Deki zilikuwa zinaingia, mitumba inaingia, sabuni za kila rangi zinaingia, na mtu mwenye televisheni moja na mabenchi sita alikuwa tajiri wa mtaa. Antoni alikuwa na deki, televisheni na kamera kubwa ya kubeba begani. Arusi zako, misiba yako, anakuja anakuchukulia mkanda. Jioni anaonyesha picha za nje.

Sasa pale bandani palikuwa na utaratibu. Picha ikianza tu, watu wanatafuta steringi ni nani na adui ni nani. Wakishakubaliana, wanatulia. Halafu mtu wa kwanza akifa, vichwa vyote vinageuka benchi la tatu.

"Luhaga, kafa?"

Luhaga anakunja macho. Hana haraka. Anawaacha wamsubiri, kisha anasema taratibu kama hakimu:

"Anapumua huyo."

Banda zima linaangua kicheko. Na ukiangalia vizuri, kweli, marehemu anapumua.

Watu walimuuliza anajuaje. "Kosa lenu mnaangalia kifua," alisema. "Kifua kinadanganya, mtu anaweza kukizuia. Angalia hapa." Akaweka kidole kwenye kile kishimo cha chini ya koo. "Hapa hapazuiliki. Hapa ndipo uongo unapotokea."

Maoni alikuwa nayo mengi, na alikupa hata kama hukumuomba. Ile picha ya Wachina, babu mwenye ndevu nyeupe kachomwa mkuki mgongoni, wanafunzi wake wanamlilia? Luhaga alisema babu hajafa, tena ana njaa, anasubiri waondoe kamera akale. Ile ya mwanajeshi wa Kimarekani aliye peke yake msituni? "Hali, hanywi, haendi chooni. Risasi zake haziishi. Na maiti zote zile hakuna nzi hata mmoja. Mimi nauza samaki jamani, nzi hawachelewi." Ya Kihindi aliisamehe kidogo. Binti anaumwa, yuko kitandani, anaimba beti tano halafu anakata roho na rangi ya mdomo haijatoka. "Mgonjwa gani ana pumzi ya kuimba? Mke wangu Kija akipata malaria hata jina lake halijui. Lakini yule mama wa binti, umemwona alivyolia? Kamasi zilitoka. Yule kalia kweli. Kwa ajili yake, naipa heshima."

Iliyomuudhi kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyezikwa akafufuka. Watu walipiga mayowe bandani, wengine wakajificha nyuma ya migongo ya wenzao. Luhaga alikaa kakunja mikono.

"Katoka kaburini na kucha nzima," alisema. "Ndefu, zina rangi. Huyo kachimba na nini? Mtu akichimba kutoka chini kucha zote zinaisha."

"Kwa hiyo hukuipenda," Antoni alimwambia.

"Nimeiangalia mpaka mwisho. Picha hujaimaliza, huna haki ya kutoa maoni."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Hata umeme ukikatika, alikaa gizani akisubiri.

Kija mwenyewe alikwenda bandani mara moja tu. Alipotoka alimwambia mumewe, "Unalipa kuangalia uongo, halafu unalalamika kwamba ni uongo. Mume wangu, si ubaki nyumbani nikudanganye bure?" Luhaga alilirudia neno hilo kwa watu mwezi mzima, akicheka peke yake kwenye karai.

Mvua za masika zilipoanza, Kija akaugua.

Malaria ilimpanda kichwani. Walimpeleka zahanati moja ya mtu binafsi, mtaa wa pili, wakamtundikia dripu. Alfajiri akatulia, mwili ukalegea. Mhudumu akamshika mkono, akamfunua jicho, akasema, "Amepumzika." Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi, ungeuliza nini? Wakambeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani, wanawake wakamwogesha.

Aliyeongoza kumwogesha alikuwa mama yake mzazi, Suzana, aliyekuwa amekuja kumuuguza. Sasa kwa Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani. Ni heshima. Wiki nzima ya ugonjwa ule, Suzana alilala chumba cha jirani aitwaye Rose, na Luhaga akitaka kupita alikohoa kwanza ili mkwe ajue. Neno likiwepo, Rose ndiye aliyelibeba.

Asubuhi ile Rose alitoka ndani mikono imeloa.

"Shemeji, mama anasema mwanawe bado ana joto."

"Ni homa ile, Rose. Kafa na homa kali namna ile, joto litoke saa hizi hizi?"

"Anasema tulale hapa. Kesho ndiyo tuvuke. Na Nkwabi atakuwa amefika amwone dada yake."

Nkwabi, kaka yake Kija, alikuwa kambi ya uvuvi visiwani. Simu za mkononi hazikuwepo. Habari zilikuwa zimepelekwa na mtumbwi wa kwanza uliopatikana.

"Kesho hakuna pantoni," Luhaga alisema. "Watu wa Mwaloni wanasema pale Kigongo kesho wanaifunga, wanaitengeneza. Tukilala leo tumekwama. Na kwetu kule ng'ambo Sengerema wameshaanza kuchimba. Mwambie."

Rose alizunguka ukuta. Ulikuwa ukuta wa udongo, mwembamba. Suzana alikuwa nyuma yake na alikuwa amesikia kila neno, kama Luhaga naye alivyomsikia akivuta kamasi. Lakini Rose alizunguka, akasema, akajibiwa, akarudi.

"Anasema ombi lake ni hilo moja tu."

"Mwambie nimesikia. Ila gari limeshafika."

Wakaenda. Gari la wazi, jeneza katikati, watu pembeni. Antoni alikuja na kamera yake, kwa sababu Luhaga alisema angalau Nkwabi aje aone kwenye mkanda. Antoni hakubania: alichukua waombolezaji mtaani, akachukua safari yote, akachukua pantoni inavyoondoka Kigongo na inavyofika Busisi, maji matupu, watu wamekaa kimya kando ya jeneza. Walifika nyumbani jua linaelekea kushuka. Wakafungua jeneza watu waage. Wakalifunga. Wakazika.

Nkwabi alifika kesho yake. Alifika kwa pantoni.

"Nani aliwaambia itafungwa?" aliuliza.

"Watu wa Mwaloni," Luhaga alisema.

Nkwabi akaenda kukaa na wazee. Pantoni haikufungwa siku hiyo, wala iliyofuata. Yalikuwa maneno tu ya sokoni.

Matanga yalipoanuliwa, Nkwabi alisema anataka kumwona dada yake. Mama yake akasema naye atakwenda. Kila mtu alishangaa, maana Suzana tangu mazishi alikuwa hali. Uji kidogo, maji, basi. Wanawake walisema amebaki anarudia neno moja kwa Kisukuma, kwamba mtoto alikuwa wa moto.

Kule kijijini umeme haupo, kwa hiyo wakavuka kuja Kirumba. Antoni alifunga banda mchana, akaweka ubao mlangoni kwamba leo hakuna picha. Rose akatundika kitenge kuanzia ukuta wa nyuma mpaka karibu na televisheni, ili mkwe akae upande wake na mkwe mwingine upande wake, wote waione picha bila kuonana. Nkwabi akakaa mbele. Luhaga akaenda benchi la tatu bila hata kufikiri, miguu ilimpeleka yenyewe.

Mkanda ukaanza. Mtaa, vilio, gari, barabara, maji. Maji mengi. Nkwabi alilia kimya, mabega yanatikisika.

Halafu jeneza likafunguliwa, na Kija akawa amejaa kwenye kioo kizima. Antoni alikuwa amemsogelea sana. Kija alikuwa amevalishwa gauni la arusi, na shingoni msalaba mdogo wa bati, umelala kwenye kile kishimo cha chini ya koo. Jua la jioni lilikuwa linaupiga.

Luhaga hakutaka kupaangalia pale. Macho yakaenda.

Msalaba uling'aa. Ukazima. Uking'aa, unakaa kidogo. Unazima. Unang'aa tena. Taratibu sana, kama taa ya mtumbwi ulio mbali. Uso wa Kija umetulia, jeneza limetulia, hata lesi ya gauni imetulia. Msalaba peke yake unapanda na kushuka.

Luhaga maneno yake yalimjia mwenyewe, yale anayoyasema kila Jumamosi, yakamjia na kicheko chake chote. Akabana meno.

"Rudisha," sauti ya mwanamke ilisema.

Ilikuwa ya Suzana. Antoni akarudisha. Msalaba ukang'aa, ukazima.

"Rudisha tena."

Akarudisha tena. Kisha Suzana akafanya jambo ambalo hakuna pale aliyewahi kuliona. Hakumwita Rose. Alisema moja kwa moja, kupitia kitenge, kwa Kiswahili chake cha kupapasa.

"Mkwe."

Luhaga alisimama. Hakujua kwa nini kasimama.

"Naam, mama."

"Watu wanasema wewe ndiye unajua kuangalia hivi vitu. Mimi sijui. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Wewe niambie. Mtoto wangu amepumua?"

Nkwabi aligeuka. Rose alishika mdomo. Antoni alibaki na kidole juu ya deki.

Luhaga aliona mikono ya Kija chini ya udongo wa kwao. Aliziona kucha zake, fupi, za mtu wa kuparua samaki. Aliona kwamba sasa hivi, hata akisema kweli, hakuna jembe linaloweza kufika kwa wakati. Hilo lilikuwa limeshapita. Kilichobaki kilikuwa mwanamke mmoja nyuma ya kitenge anayekunywa uji kidogo na maji. Na yeye mwenyewe, Luhaga, atakayeishi na jibu.

"Hapana, mama," alisema. "Ni mkono wa Antoni ulitetemeka. Akishika kamera, akitetemeka, kila kitu kinacheza. Nimeona picha nyingi. Mtu anayepumua hawi hivyo."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Alikuwa ameshaondoka."

Halafu upande wa pili wa kitenge Suzana alianza kulia, kilio kikubwa, cha kamasi, kile ambacho hakukitoa siku ya mazishi. Rose akamkimbilia. Kilio kikadumu, kikapungua, kikaisha. Jioni ile aliomba ugali. Alikula na samaki, akamaliza, akasema, "Mwambieni mkwe asante. Amenitua."

Watu walipoondoka, Antoni alibaki anakunja waya za televisheni. Hakuinua uso.

"Kaka," alisema. "Pale kwenye kuaga nilitumia stendi."

Luhaga aliendelea kupanga mabenchi.

"Kamera ilikuwa juu ya stendi. Pale usoni kwake mimi sikuishika kabisa."

"Futa huo mkanda," Luhaga alisema.

"Nkwabi anautaka."

"Mwambie umekatika. Weka picha nyingine juu yake. Weka yoyote."

"Sawa."

"Antoni."

"Nimesema sawa, kaka."

Luhaga alirudi kwenye karai lake. Mteja akisema leo kimya, alisema moshi. Suzana alimtumia kuku kupitia kwa Rose, na salamu, kila alipopata mtu wa kuvuka. Mwenye banda la pili kule Igogo alimwalika bure, aje watu wacheke. Hakwenda. Usiku hakulala upande wa Kija wa kitanda, wala upande wake. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kidole kwenye kishimo cha koo lake mwenyewe, akahesabu bila kutaka.

Mwishowe wenzake ndio waliomtoa. Jumamosi moja walimfuata wanne, wakampokonya kijiko cha kukaangia.

"Msiba umeisha, ndugu yetu. Benchi lako linaota nyasi."

"Antoni ana Wachina wapya. Wanaruka mpaka juu ya paa."

"Bila wewe hatujui nani kafa nani hajafa. Tunaangalia tu kama ng'ombe."

Alivaa shati lake jeupe, akaenda.

Banda lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Walimpigia makofi alipoingia, wakampisha. Picha ilikuwa ya kijana anayelipiza kisasi cha baba yake, kama zote. Steringi akapatikana mapema, adui akapatikana, mwenye kovu. Mtu wa kwanza alipokufa, vichwa vikageuka, na Luhaga akasema haraka tu, "Anapumua huyo," ili yaishe. Walicheka mpaka wakapiga mabenchi. Alipoona wamecheka, kitu kikamlegea kifuani. Wa tatu akamkamata kwa hiari. Wa tano akamtolea na maoni: kwamba huyo si kwamba anapumua tu, anakoroma. Ilikuwa mara ya kwanza kujisikia mtu tangu masika.

Adui aliuawa juu ya mlima. Maandishi ya Kichina yakaanza kupanda. Watu wakajinyoosha, wengine wakainuka. Luhaga alibaki amekaa, kama kawaida yake, mpaka mwisho.

Maandishi yakaisha. Kioo kikafanya chenga. Halafu kikatulia.

Picha ya Wachina ilikuwa fupi. Mkanda ulikuwa mrefu.

Kwenye kioo alikuwa mwanamke amelala, amevaa nguo nyeupe, msalaba mdogo kwenye koo. Chenga zilikuwa bado zinapita usoni kwake, ungedhani ni picha nyingine ya bure inaanza. Waliokuwa wameinuka wakarudi wakakaa.

"Kuna ya pili."

"Hii ya Kihindi?"

"Huyo dada kafa mapema sana, hata hajaimba."

Antoni alikuwa nje, anaongea na mtu. Kioo kiliendelea. Msalaba uling'aa, ukazima. Ukang'aa, ukazima. Na kwa sababu amewafundisha mwenyewe, miaka yote ile, watu walikuwa hawaangalii kifua.

"Eh. Angalia koo."

"Naona. Naona."

Vichwa vikageuka benchi la tatu, vyote, vimeshaanza kucheka kabla ya jibu.

"Luhaga, kafa?"

Walimsubiri. Alikuwa hana haraka siku zote, kwa hiyo walimsubiri. Uso wake ulikuwa unang'aa na kuzima kwa mwanga wa kioo. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya maji. Rose hakuwepo. Hapa palikuwa na watu tu waliolipa kiingilio.

"Anapumua huyo," Luhaga alisema.

Kicheko kilichotoka kilitikisa mabati. Mtu alimpiga Luhaga mgongoni. Na wakati bado wanacheka, kamera ya kwenye stendi iligeuka taratibu kutoka usoni kwa marehemu, ikapita juu ya vichwa vya waombolezaji, ikamfikia mwanamume mwenye shati jeupe aliyesimama miguuni pa jeneza. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia jua. Akamwangalia fundi mwenye nyundo, akampungia mkono, mara mbili, upesi upesi: funga, tunachelewa.

Benchi la tatu lilinyamaza kwanza. Kisha la pili, kisha la nyuma, watu wanageuka kumwona mwenye shati, wanageuka tena kwenye kioo, wanalifananisha shati. Aliyempiga Luhaga mgongoni alikuwa hajauondoa mkono. Sasa akauondoa.

Mbele kabisa alikaa mgeni mmoja, mpakua samaki wa Mwaloni, hamjui mtu. Yeye bado alikuwa kwenye picha.

"Sawa," alisema. "Adui ndiye yule."

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kwenye kioo, mfuniko ulishuka juu ya Kija, na nyundo ikaanza. Antoni alikuwa ameshasikia kimya, akaja mbio mlangoni, akaona, akaanza kujipenyeza kati ya watu kwenda kuzima deki.

"Acha," Luhaga alimwambia. "Bado haijaisha."

Akakaa, mikono juu ya magoti, akaangalia udongo unavyoingia, koleo kwa koleo, mpaka mwisho.